Sahani Nne za Bi Mwantumu

Ndugu uliyepokea ujumbe huu, usome taratibu. Si mrefu. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja tu mwenye geti.

Nje kidogo ya jiji kuna mtaa mzuri. Lami inafika hadi milangoni, miashoki imepandwa mistari miwili, na ndege wanaimba mchana kutwa kwa kuwa hakuna kelele za kuwafukuza. Huko alihamia Bwana Semhando, mkandarasi wa majengo, pamoja na mkewe Mwantumu. Watoto wao walikuwa wakubwa na kila mmoja ana kwake.

Walitoka uswahilini, ambako ukikohoa jirani anakupa pole kupitia dirishani.

Bwana Semhando alizungushia nyumba ukuta mrefu na nyaya za umeme juu yake. Akaweka geti la chuma na mlinzi aitwaye Masunga. Akampa amri mbili.

"Asiyenipigia simu kwanza, asiingie. Na mambo ya getini yaishie getini. Usimsumbue mama."

Hakuwa mtu mbaya. Kule walikotoka waliwahi kuvamiwa, mkewe akawekewa panga shingoni. Tangu siku hiyo Bwana Semhando aliapa kwamba hakuna mtu atakayemfikia tena Mwantumu.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Ijumaa ya kwanza Mwantumu alipika magimbi ya nazi, akapakua sahani moja kwa ajili ya nyumba ya nyuma, akaifunika kawa, akampa Masunga aipeleke. Ndivyo alivyozoea. Kule walikotoka sahani ya futari ilikuwa ikienda na magimbi inarudi na tambi, ikienda na tambi inarudi na tende. Hairudi tupu, na hailali ugenini zaidi ya siku mbili.

Hii haikurudi.

Ijumaa ya pili akapeleka nyingine. Haikurudi. Ya tatu vilevile.

"Baba Rukia, hawa watu wananikusanyia vyombo," akasema.

Mumewe akacheka. "Watu wa huku wanakula kwa uma, Mama Rukia. Magimbi yako yamewashinda."

"Basi wangerudisha sahani na uma wao juu yake. Ningefurahi."

"Achana nao. Unataka nini kwao?"

"Nataka mtu wa kuniuliza nimeamkaje."

Bwana Semhando akaondoka kwenda kazini. Ijumaa ya nne Mwantumu akapeleka sahani ya mwisho katika seti yake, nyeupe yenye ukingo wa kijani. Akaisubiri. Jioni alikuwa akitoka ukumbini hadi kwenye kibaraza, anatazama geti, kisha anarudi ndani.

Siku ya ishirini na saba ya mfungo, Bwana Semhando alirudi alasiri akamkuta mkewe sakafuni jikoni, karibu na mlango wa nyuma. Presha ilikuwa imempanda mkewe. Alikuwa ameshakata roho.

Naandika taratibu kwa sababu Mwantumu alikuwa dada yangu. Tulilala mkeka mmoja utotoni. Nilitoka Korogwe na basi la alfajiri, nikawahi kumwona anashushwa kaburini. Mola amrehemu.

Siku iliyofuata geti la nyumba ile lilifunguliwa lote, mbawa zote mbili zikaegemezwa ukutani, kwa sababu msiba haubishi hodi. Tulikaa kwenye majamvi uani. Wengi tuliokuwapo tulitoka mbali. Wa mtaani pale hawakufika watano.

Akaingia mama mmoja wa makamo, mnene kidogo, amejifunga kitenge, amebeba furushi la kanga mikononi. Akasema anaitwa Mama Kokugonza, wa nyumba ya nyuma.

Bwana Semhando alisimama.

"Leo ndiyo umeijua njia ya kuja hapa? Mke wangu amekuletea chakula Ijumaa nne. Sahani hukurudisha. Salamu hukuleta. Amekufa peke yake katikati ya nyumba za watu. Nyie watu wa huku mna roho gani?"

Yule mama akapiga magoti jamvini, akafungua furushi. Ndani mlikuwa na sahani nne nyeupe zenye ukingo wa kijani.

"Nilikuja, baba," akasema. "Kila Jumamosi nilikuja. Ya kwanza niliijaza senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu Bukoba. Nikasema, huyu mama wa pwani sijui kama anakula senene, akishindwa basi tutacheka pamoja. Mlinzi akaniuliza kama nimekupigia simu. Namba yako nitaitoa wapi? Nikarudi nyumbani nikala senene mwenyewe."

"Kwa nini hukumwachia mlinzi?"

"Sahani siyo barua, baba. Nilitaka nimpe mkononi, nimjue sura."

Bwana Semhando akamgeukia mlinzi wake. "Masunga! Ni kweli?"

Masunga alikuwa amesimama kando ya geti, kofia mkononi. "Kweli, bosi."

"Mbona hukuniambia? Mbona hukumwambia mama?"

"Ulisema mambo ya getini yaishie getini."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Mama Kokugonza alikuwa bado amepiga magoti.

"Na juzi nilikuja," akasema. "Juzi nilikuja bila sahani."

Akatueleza kwamba yeye ni muuguzi mstaafu. Jikoni kwake na jikoni kwa Mwantumu panatenganishwa na ukuta tu. Saa saba mchana alisikia mtu anaita, "Jirani! Jirani!" Mwantumu hakulijua jina la jirani yake, kwa hiyo aliita hivyo tu. Mama Kokugonza akachukua kipimo cha presha na dawa zake, akazunguka mtaa mzima mbiombio hadi getini. Mbele kule jenereta lilikuwa linanguruma, na Masunga hakuwa amesikia chochote. Alimpigia mama mwenye nyumba, simu haikupokelewa. Akadhani amelala kwa sababu ya mfungo. Akampigia bosi wake. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa.

"Nikasimama pale juani," akasema Mama Kokugonza. "Mlinzi akanionyesha ujumbe aliojibiwa. Nikarudi kwangu nikasikiliza ukutani. Sauti ilikuwa imenyamaza. Nikajipa moyo kwamba amesaidiwa."

Bwana Semhando akatoa simu mfukoni. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, nikauona ujumbe wenyewe. Uliandikwa saa saba na dakika kumi na mbili, kwa kidole chake mwenyewe.

"Niko kikaoni. Asiingie mtu."

Hakulia. Aliuangalia mpaka kioo kikazima chenyewe.

Naamini kila nafsi ina siku yake, wala sipingani na aliyeipanga. Lakini tangu siku ile nikimwombea dada yangu nakwama katikati ya dua, kwa sababu nasikia akiita.

Mwaka uliofuata, Bwana Semhando aling'oa lile geti, akaondoa nyaya, akamtafutia Masunga kazi kwingine. Nilimtembelea Ramadhani iliyopita. Magharibi alitandika mkeka pale palipokuwa na geti, akaweka futari, akakaa akitazama barabara. Magari yalipita vioo vimefungwa. Mama Kokugonza alishahamia Bukoba kwa binti yake. Kamati ya mtaa ilikuwa imemwandikia Bwana Semhando barua, ikimtaka arudishe geti kwa sababu nyumba yake wazi inawahatarishia wenzake usalama.

Nilimwona akipakua magimbi kwenye sahani nne zile, akazibeba mwenyewe, mbili mbili, hadi kwa majirani. Walinzi walizipokea getini.

Nilikaa kwake siku kumi. Haikurudi hata moja.

"Labda wanazileta, shemeji," akaniambia, "wanazuiwa."

Nikamwambia hakuna wa kuwazuia, kwako hakuna geti.

"Basi labda zimeishia kwenye mageti yao," akasema, akaendelea kutazama barabara.

Funzo: Kabla hujaweka mlinzi wa kumlinda umpendaye, muulize kwanza anamsubiri nani.