Kamba ya Bi Pelele na Ruhusa ya Chini ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo sogeeni. Na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi, nawaona!

Hapo zamani za kale palikuwa na visiwa viwili, Kisiwa Kikubwa na Kisiwa Kidogo. Kisiwa Kidogo alikaa Bi Pelele, mnyama mfupi wa mawemawe, manyoya tele, moyo hautulii. Bintiye Kidawa aliolewa Kisiwa Kikubwa.

Mwaka uliopita Kidawa alishikwa na uchungu. Akamtuma Kunguru, "Kamwite mama, upesi!" Kunguru akaruka, pu pu pu. Njiani akaona dagaa wameanikwa. Akatua. Akala. Akashiba. Akala tena. Siku ya tatu ndipo alipofika. Bi Pelele alipovuka, mtoto keshazikwa, na Kidawa hana hata sauti ya kulia. Iliwauma, jamani. Iliwauma sana.

Sasa Kidawa ana mimba tena, na mwezi ukiandama atajifungua. Bi Pelele akasema, "Safari hii simtaki Kunguru." Akasokota kamba ya makumbi, ndefu, ndefu, ndeeefu. Akamwita Kaa, fundi wa kazi za chini ya maji.

"Fundi, nilazie kamba hii mpaka kwa mwanangu. Mwambie aivute mara tatu, nijue siku imefika. Lakini tumwombe nani ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, bibi? Bahari ina mlango?"

Kaa akaenda upande, upande, upande, akailaza. Kulipokucha, kacha! Kamba imekatika vipande viwili.

Kumbe bahari ukiitazama kwa juu ni maji tu. Chini kuna mitaa, na kila mtaa una wenyewe.

Maji yalipokupwa, Bi Pelele akatembea mwambani, akaimba:

"Hodi, hodi, wenye maji,
kamba yangu ina safari!"

Pweza akachungulia pangoni. "Niliyeikata ni mimi. Imeniziba mlango! Ukitaka kupita, niletee kwanza alama ya Kasa kwamba ameruhusu."

Bi Pelele akaenda kwa Kasa, huko kwenye majani ya bahari.

"Hodi, hodi, wenye maji,
kamba yangu ina safari!"

Kasa akaacha kutafuna. "Kamba yako itawanasa wanangu wakitoka mayaini. Hata hivyo sikatai. Niletee kwanza alama ya Pweza."

Akarudi kwa Pweza. "Kwanza Kasa!" Akarudi kwa Kasa. "Kwanza Pweza!" Maji yanajaa, anangoja. Maji yanakupwa, anakwenda. Miguu ikamvimba. Mwezi nao unazidi kupungua.

Kaa akamnong'oneza, "Bibi, tuipitishe kimyakimya. Nani ataona?"

"Ikatwe tena, mwanangu abaki peke yake tena? Sitaki!"

Bi Pelele akakaa juu ya jiwe, akawaza. Hawa hawakatai. Kila mmoja anaogopa kutangulia, kamba ikileta balaa alaumiwe yeye. Akainuka. Akawaita wote wawili kwenye kidimbwi kimoja, akawawekea jani pana la mkungu, pa kutia alama.

"Bwana Pweza, kamba itazunguka nyumba yako, haitagusa mlango. Mama Kasa, pale unapopanda kutaga itafukiwa chini kabisa mchangani, na mwezi wa mayai hakuna atakayechimba. Mwaka jana nilichelewa, nikakuta kaburi la mjukuu wangu; safari hii kamba ndiyo itakayoniita. Nawaombeni, wekeni alama pamoja. Asiwepo wa kwanza."

Kasa akainamisha kichwa. Anayajua mambo ya watoto.

"Moja, mbili, tatu!"

Pweza akatema wino juu ya jani, pyuu! Kasa akabandika mguu juu yake, paa! Alama ikawa moja.

Kaa akanung'unika, "Kuzunguka! Kufukia! Kamba itapelea." Bi Pelele akasokota nyingine huku anacheka, mara yake ya kwanza kucheka tangu mwaka jana.

Kamba ikalazwa. Ncha ya huku Bi Pelele akaifunga kwenye kombe la chaza mlangoni pake. Akangoja. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu alikuwa anapepeta mtama.

Kwe!

Akatupa ungo.

Kwe!

Akasimama hapumui.

Kwe!

Mbio mpaka pwani! Nani yuko pale? Kasa, mgongo tayari. "Nimeiona ikitikisika kule chini, mwenzangu. Panda!"

Wakavuka. Bi Pelele akaingia kwa Kidawa na miguu yenye chumvi, akampokea mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto akalia, nyaa! Kidawa akasema, "Mama, umefika." Bi Pelele akashusha pumzi, akaketi chini palepale, akalia kwa raha.

Basi, wanangu, ukitaka kupita kwa watu, bisha hodi hata kama mlango huuoni. Nawe ukiombwa ruhusa ya jambo jema, usimsubiri mwenzako atangulie, maana kuna mtu anangoja upande wa pili.

Hadithi yangu imevuka salama, imeishia hapo kwa Kidawa. Mtoto analala, msipige kelele.