Mrushaji Aliyeandika Sifuri

Kulikuwa na kijana mmoja, ndugu zangu, aliyekuwa na mkono. Msicheke. Sote tuna mikono, najua, lakini wa huyu ulikuwa mkono wa kusimuliwa. Kwao walilima mahindi kando ya msitu, na tumbili wa msitu ule hawana adabu, kwa hiyo tangu akiwa darasa la pili kazi yake ilikuwa kuwafukuza kwa mawe. Alikuwa hakosi. Tumbili wenyewe walimjua. Wakimwona anakuja wanaondoka bila kuambiwa.

Alipofika sekondari akakuta mwalimu mgeni ameleta mchezo wa besiboli. Wazee wangu naona mnakunja uso, basi niwaeleze kwa kifupi. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu ya pili anasimama na gongo ajaribu kuupiga, na nyuma ya mwenye gongo amechuchumaa mdakaji aliyevaa glavu. Mwenye gongo akikosa mara tatu, anatoka. Mengine mtawauliza vijana. Siku ya kwanza kijana wetu alipewa mpira, akarusha, na mdakaji akavua glavu akaanza kupuliza kiganja. Mwalimu akasema, "Rudia." Akarudia. Mwalimu akaenda kumwita mkuu wa shule.

Shule ile ikachukua kombe miaka miwili mfululizo. Akaitwa timu ya taifa ya vijana, akavaa jezi iliyompwaya, na kwenye mashindano ya nchi jirani akawatoa wapigaji kumi na wanne katika mchezo mmoja. Jukwaani alikuwapo mtafuta vipaji kutoka Marekani, ana mashine ya kupimia kasi ya mpira. Akaitazama ile mashine, akaigongagonga akidhani imeharibika.

Basi kijana akaenda Marekani. Lakini msidhani alifikia kwenye televisheni. Huko kuna ligi za chini, ngazi juu ya ngazi, na kila mgeni anaanzia chini kabisa: kutwa nzima ndani ya basi, viwanja vya miji midogo, watazamaji unaoweza kuwasalimia mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza alisota, akapigwa mipira yake mpaka akatamani kurudi kwa tumbili. Mwaka wa pili akapandishwa ngazi, na kabla mwaka haujaisha akapandishwa tena. Huku nyumbani kila Jumapili mama yake alisimama wakati wa matangazo kulieleza kanisa mwanawe amefika wapi.

Mwishoni mwa mwaka huo kiwiko kikaanza kuuma. Daktari wa timu akampima, akasema kano ya kiwiko imechoka, haijakatika. Akapewa likizo. Kocha akaagana naye kwa maneno haya:

"Nenda kapumzike, usirushe hata jiwe. Ukirudi, kila asubuhi utaniandikia maumivu yako, kuanzia sifuri mpaka kumi. Mimi siwezi kuingia ndani ya mkono wako. Nitajua kile tu utakachoniambia."

Kijana akaja nyumbani, ikawa ibada ya kufunga mwaka. Mnazijua ibada hizo. Kanisa limejaa mpaka nje, mchungaji akamwita mbele, watu wakamnyooshea mikono wakaomba kwa machozi. Walimpenda. Nataka mlielewe hilo, hapakuwa na mtu mbaya pale. Kisha mchungaji akamwambia, "Zungusha mkono, mwanangu." Akauzungusha. "Kuna maumivu?"

Yalikuwapo. Kidogo, palepale pa siku zote. Akawaangalia watu. Mama yake alikuwa ameshavua kilemba anakipunga, vigelegele vimemjaa mdomoni vinasubiri jibu. Wewe ungesema nini?

"Hayapo," akasema.

Kanisa likalipuka. Kwaya ikaanza bila kupewa sauti. Kijana mwenyewe akalia, na watu wakadhani ni furaha.

Akarudi Marekani. Asubuhi ya kwanza wakampa karatasi. Kiwiko kilikuwa kinauma, tuseme nne. Akashika kalamu, akamkumbuka mama na kile kilemba, akaandika sifuri. Asubuhi ya pili, sifuri. Wiki ya tatu hakuweza tena kupiga mswaki kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, na bado akaandika sifuri. Mama akipiga simu, swali lilikuwa moja: "Mkono wa Bwana unaendeleaje?" Mmesikia? Hakusema mkono wako. Mkono haukuwa wa kijana tena. Naye anajibu, "Mzima, mama," anakata simu, anakaa kitandani na barafu kwenye kiwiko, peke yake kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mwezi wa tano, katikati ya mchezo, akainua mkono arushe. Mdakaji alisikia mlio kabla mpira haujatoka. Mpira ukaanguka hatua tatu mbele ya kijana, naye akapiga magoti ameukumbatia mkono. Kano ilikuwa imekatika yote. Wakampasua, wakamsubiri mwaka na nusu. Kiwiko kikakunjuka, kijiko kikashikika, lakini kasi haikurudi, na timu ikamwacha. Daktari hakumficha kitu. Alimwambia, "Ungeandika nne ile asubuhi ya kwanza, tungekupumzisha miezi miwili, na leo ungekuwa unarusha."

Akarudi kwao, na kanisani hakuonekana. Mchungaji akamfuata nyumbani, akamkuta uani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba. Mwanangu, nimesikia aliyosema daktari. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, na nilishashuhudia? Ningesema bado naumwa, kanisa lingesema ama mimi sina imani, ama Mungu ameshindwa. Nikaona afadhali mkono ukatike."

Mchungaji alivuta kigoda. Alikaa pale akamsaidia kupukuchua, kisha akaondoka.

Ndugu zangu, nimewaona. Mlikuwa mnangoja nifike mahali anapopona. Hakupona. Mkono ule umekwisha, na mimi sina mwisho mwingine wa kuwapa.

Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu, na neno hilo silirudishi nyuma. Lakini nani alituagiza tumlinde Mungu kwa uongo wa mgonjwa? Sisi tuna haraka na amina zetu. Mtu anasimama na kidonda chake, tunampa dakika mbili apone, asipopona tunamtazama kana kwamba ametuharibia ibada. Dada yetu alifiwa, miezi miwili haijaisha tukamwambia inatosha, futa machozi. Akafuta. Baba mmoja tulimshangilia hapa kwa kuacha pombe, tukarukaruka naye, na siku alipoanguka hakuwa na pa kurudi kutuambia. Sasa anakunywa akiwa amejifungia chumbani, na Jumapili anatuimbia besi. Tunasema kanisa letu lina ushuhuda mwingi. Lina watu wengi walioandika sifuri, ndugu zangu, na mimi ninayesema nimo.

Leo ulipoingia ulimsalimu mtu wa benchi lako, "Habari yako?" Akakujibu, "Nzuri." Mgeukie. Mwulize tena. Na safari hii usimwitikie amina. Nyamaza mpaka amalize.