Bao la Sultani Harubu

Palikuwa na sultani, jina lake Harubu, tumbo mbele, adabu nyuma. Kiti alikipata pale ami yake, aliyekuwa sultani, alipokwenda Maka kuhiji. Mzee kurudi, kakuta mlango una komeo na mtoto wa nduguye ndiye bwana wa nchi. Mpaka leo maskini anafuga mbuzi ng'ambo ya mto.

Sasa Harubu akakitamani kiwanja cha Bi Mize, mjane mpika vitumbua, ubavuni mwa jumba lake. Ati moshi unawapigisha farasi chafya!

"Tucheze bao," akamwambia. "Ukifungwa, unahama. Na bao langu lina mwendo wake: zamu ya mtu ikifika, ana ruhusa ya kutunga kanuni moja."

Mize hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Lakini bao alifundishwa na marehemu mumewe, na ulimi alizaliwa nao. Akakaa kitako.

Kete za Sultani zikaliwa kama vitumbua vya moto. Jasho likamtoka Harubu.

"Kanuni!" akabwata. "Kete za Sultani haziliwi."

"Mwinyi, bao tangu hapo ni kula."

"Neno jipya hulifuta la zamani. Kwani mimi kiti hiki nimekikaliaje?"

Mawaziri wakacheka. Kazi yao ndiyo hiyo.

"Hewala," akasema Mize. "Zamu yangu. Natunga: kete za Sultani zinaliwa, tena zote kwa mkupuo." Akazikomba, hakubakiza hata ya dawa.

Harubu akaruka juu. "Mwizi wee! Kanuni yangu imeitangulia yako!"

"Si umesema jipya hulifuta la zamani?"

"Nimegeuza! Tangu sasa la zamani ndilo kuu. Jipya si kitu!"

Mawaziri wakapiga makofi. Mize akajifunga kanga vizuri.

"Kwenye bao tu, Mwinyi, au nchi nzima?"

"Nchi nzima! Nani wa kunipunguzia mipaka?"

"Hakuna, Mwinyi." Mize akainuka, akajipangusa vumbi, akawageukia walinzi mlangoni.

"Jamani, mmesikia wenyewe. Haya, nani anavuka mto kumwita mwenye kiti?"