Jiwe Moja la Nakijwa

"Udhuru wa kweli ni jiwe moja," alisema Bibi Nakaniwa, wala hakuinua macho kutoka kwenye ungo wake wa maharage.

Maneno yalimwendea Eliwaza, mjukuu wake, aliyefika kupura maharage wakati wenzake wameshalowa jasho. Alikuwa amejieleza tangu mlangoni: pikipiki ilipata pancha, halafu simu ikaisha chaji, halafu tena wingu lilikuwa limetanda. Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyejua jiwe linaingiaje hapo. Wakamwuliza bibi.

"Methali hii ilianza hivi," akasema. "Nyie kaeni. Eliwaza, wewe usikae. Shika fimbo upure."

Zamani, huku kwetu Upareni, kijiji kizima kilikula kwa ndiva moja. Ndiva ni bwawa la kuchimba kwa mikono huko mlimani. Maji ya kijito hujaa humo, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka mferejini: leo shamba la huyu, kesho la yule. Tope likizidi, lilipigwa baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila nyumba ilitoa mtu wa kuja kuzoa tope. Usipofika, zamu yako ya maji anapewa mwingine, labda uwe na udhuru.

Na udhuru haukutolewa hivihivi tu. Mtu aliitwa ukingoni mwa ndiva mbele za watu, na kwa kila neno la kujitetea alitakiwa aweke jiwe chini. Maneno mtu huyageuza kesho, lakini jiwe likishawekwa limewekwa. Kisha mkuu wa ndiva alikwenda kulitafutia kila jiwe shahidi wake kabla jua halijatua.

Mkuu wa ndiva siku hizo alikuwa Mzee Kajiru. Jamani, mtu yule alikuwa na shaka! Kuku wake akitaga, aliuliza yai limetoka wapi. Ukimsalimu kwa uchangamfu, alikuwa anawaza una shida gani naye. Ila hakula hongo ya mtu, ndiyo maana watu walimvumilia.

Sasa mwaka mmoja, siku ya msaragambo, nyumba mbili hazikuleta mtu. Moja ilikuwa ya Mchome. Nyingine ilikuwa ya Nakijwa, mjane aliyekaa peke yake jirani na Mchome huyohuyo. Asubuhi ya pili wakaitwa ukingoni.

Mchome alitangulia, na mawe alikuja nayo kwenye kofia.

"Wazee wangu, goti," akaweka la kwanza. "Tangu juzi halikunjiki. Pili, ng'ombe wangu alikuwa anazaa, ningemwachaje? Tatu, jembe lilivunjika mpini asubuhi ileile. Na nne, wallahi, baragumu lenyewe sikulisikia."

Watu wakaguna kwa huruma. Maskini, mambo manne kwa siku moja! Kajiru naye akaliangalia lile rundo, akaridhika. Aliona kwamba mtu anayejitoa achunguzwe mara nne hana la kuficha. Tangu lini mwongo akaita mashahidi wanne?

Akaja Nakijwa. Akainama, akaweka jiwe moja dogo, akasimama.

"Nilikuwa na mgonjwa."

"Mgonjwa gani?" akauliza Kajiru.

"Si wangu kumtaja, baba."

"Mama, jiwe bila shahidi si jiwe."

"Najua. Lakini hata siku ile ingerudi, nisingekuja."

Ee! Watu wakanung'unika. Amekosa, na bado ana kiburi. Mmoja akasema huenda alikuwa sokoni. Kajiru akamtazama mama yule toka juu hadi chini, na macho yake yakanasa kwenye pindo la kanga. Palikuwa na doa jekundu, limesuguliwa na kusuguliwa likakataa kutoka. Damu! Wiki ileile palikuwa na mbuzi aliyepotea kijijini. Akawaza, kumbe watu wako msaragambo, mwenzao anachinja.

"Zamu yako ya kesho inaondoka," akasema.

Nakijwa alifumba macho kidogo. Mahindi yake yalikuwa yametoa mbelewele, na shamba lilikuwa limepasuka nyufa. Zamu ikimpita, angengoja siku kumi na nne, na mahindi hayangoji siku kumi na nne. Huo ndio uliokuwa ugali wake wa mwaka mzima. Lakini hakuongeza neno. Aliliacha jiwe lake pale pale, akashuka.

"Basi, Mzee," akasema Mchome haraka, "zamu hiyo si unipe mimi? Shamba langu lipo hapohapo."

Kajiru alivyosikia ombi lile, kitu kilimwasha masikioni.

Alasiri akaenda kuyatafutia mawe ya Mchome mashahidi, kama desturi ilivyotaka. Njiani alikuwa akiyarudia moja moja, na kila alivyoyarudia yakazidi kugombana. Goti halikunjiki, sasa ng'ombe alizalishwa na nani? Na kama baragumu hakulisikia, lile jembe alilishika asubuhi aende nalo wapi?

"Loo," akasema peke yake. "Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Alipofika, ng'ombe alikuwa zizini anacheua, na mimba yake bado anayo. Jembe la Mchome lilikuwa juu ya paa la banda, mpini mzima. Ila palikuwa na jembe jingine ukutani karibu na mlango, na Kajiru alilijua lile, maana mpini wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha buluu. Lilikuwa la Nakijwa.

Hapo shaka yake yote ikamrudia. Jembe la mjane linafanya nini kwa Mchome? Akabisha hodi kwa sauti ya ugomvi.

"Karibu, baba," sauti ndogo ikamjibu. "Samahani, siwezi kuinuka."

Alikuwa Namkunda, mke wa Mchome, amelala chali kitandani, miguu imeinuliwa juu ya gunia la mahindi.

"Jembe la Nakijwa limefikaje hapa?" akauliza Kajiru.

Namkunda akaanza kulia. "Alikuwa analileta kwenu ndivani, baba. Baragumu lilikuwa linalia. Akapita hapa akanikuta nimeanguka mlangoni, damu inatoka. Nina mimba, na mbili zimeshatoka kabla ya hii. Alinibeba, akanilaza hivi, akakaa nami hadi jua likatua. Nikamwapisha asimwambie mtu. Mimba changa haitangazwi, baba, wewe unajua."

"Na mumeo je?"

Akageuza uso ukutani. "Alikuwa ng'ambo ya kilima, kwenye pombe ya miwa. Nimemwambia kichwa tu kinaniuma."

Kajiru akakaa kwenye kigoda. Doa la kanga likamjia machoni, akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Mnaona mambo? Udhuru ambao ungemfanya Mchome asamehewe na kijiji kizima ulikuwa umelala kitandani kwake mwenyewe, naye hakuujua, akaenda kuokota mawe njiani.

Asubuhi yake Kajiru aliita watu ukingoni kabla mlango wa ndiva haujafunguliwa. Mawe yalikuwa pale pale, manne na moja.

"Mchome," akasema, "yaondoe. Bakisha moja tu, lile la kweli."

Mchome akashika la goti, akaliacha. Akashika la ng'ombe, akamtazama Kajiru usoni, akaliachia kama limemwunguza. Watu wakatulia wanamwangalia mkono. La jembe hakuligusa. Mwishowe akayakusanya yote manne, akayatupa bondeni, akaokota jipya.

"Nilikuwa nakunywa," akasema.

"Hilo ni la kweli," akasema Kajiru. "Lakini ni sababu tu, Mchome. Hata mwizi ana sababu. Udhuru ni ile sababu unayoweza kuisema ukasamehewa. Na yale manne uliyoyatupa yalikuwa visingizio. Zamu yako imekwenda. Na leo ukitoka hapa nenda nyumbani, usipitie popote."

Kisha akawageukia watu. "Jiwe la Nakijwa nimelitafutia shahidi nikampata. Msiniulize ni nani. Zamu ni yake, maji yaende kwake sasa hivi."

Nakijwa aliitikia kwa kichwa. Kumbe Kajiru alikuwa hajamaliza, na hapo ndipo alipojitia mwenyewe mtegoni.

"Mama," akaanza, "jana jua lilikuwa kali, na watu walikuwa wengi..."

Nakijwa akainama, akaokota jiwe, akaliweka mbele ya miguu ya mzee. Ko.

"...na tena walikuwa wananong'ona mambo ya soko..."

Ko. Jiwe la pili.

"...na wewe mwenyewe, mama, kama ungenidokeza hata..."

Ko. La tatu. Hakuna aliyecheka. Kajiru akayaangalia yale mawe, mdomo wazi. Mtu mzima yule, mwenye kuwachunguza wengine maisha yake yote. Akapiga magoti, akayasogeza pembeni yote matatu, akaokota moja dogo, akaliweka kwa mikono miwili.

"Nilikushuku bure," akasema. "Nisamehe."

Nakijwa akaliokota jiwe lile.

"Hilo nimelipokea, baba," akasema. Akachukua jembe lake, ambalo Kajiru alikuwa amemletea, akashuka mbio kuyawahi maji.

Bibi Nakaniwa alipepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka. Eliwaza aliacha kupura, akakaza macho kwenye fimbo yake.

"Bibi," akasema, "nililala tu."

"Pikipiki?"

"Haikupata pancha."

"Haya, mjukuu wangu, nimekusamehe. Udhuru wa kweli ni jiwe moja. Pura."