Kapu la Fisi Lisilo na Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Mlango?

U wazi.

Mwenye mlango?

Mungu amlinde.

Mmeitikia vizuri, ingawa mwaka huu tumepungua. Nisikilizeni polepole, maana nami nasimulia polepole.

Palikuwa na kilima, na juu yake waliishi mafundi. Nyigu alifinyanga vyungu. Kobe alichonga ngoma. Mnana, yule ndege mdogo, alisuka makapu pamoja na mumewe. Kila mwaka, mavuno yakiisha, waliweka siku moja ya milango wazi. Siku hiyo yeyote aliweza kuingia, akatazama kazi, hata iliyo nusu, akauliza inafanywaje. Fundi hakuruhusiwa kufunika kitu wala kuficha ujuzi. Ndivyo walivyoagana wazee wao.

Mwaka huo mume wa Mnana alikuwa amefariki. Aliacha kapu moja, halijamalizika. Nanyi mnajua, mnana husuka akiwa ndani ya kazi yake. Hujizungusha, husukuma kwa kifua, na kifua ndicho kipimo. Basi kapu lile lilikuwa na umbo la kifua cha marehemu. Kila asubuhi mjane aliingia humo, akamwomba Mungu, kisha akatoka kuianza siku. Hakuwa na kitu kingine cha mumewe.

Siku ya milango wazi akaja Fisi.

Akaingia kwa Nyigu. Akatazama. Akasema, "Hiki kitanifaa." Akabeba chungu.

Akaingia kwa Kobe. Akatazama. Akasema, "Hii itanifaa." Akabeba ngoma. Kobe alinung'unika kwamba siku hii ni ya kutazama, si ya kubeba. Fisi akamjibu kwamba yeye hutazama vizuri zaidi akiwa nyumbani kwake.

Akaingia kwa Mnana. Akatazama. Akaliona kapu la marehemu.

"Hili litanifaa," akasema. "Nitaliwekea kichwa nikilala."

Mnana hakulia. Kulia kulikuwa kumemchosha tangu zamani.

"Karibu, Bwana Fisi. Ila hilo ni la kifua cha mnana, halitoshi hata hicho chungu. Mali yote hiyo utaibebea ndani ya nini?"

Fisi akatazama mikono yake, akaona imejaa. "Unataka kusema nini, mjane?"

"Leo ni siku ya kufundisha. Nikufundishe kusuka kapu la kifua chako mwenyewe."

"Nifundishe. Kisha nitachukua yote mawili."

"Mungu akipenda," akasema Mnana.

Basi akamfundisha, na hakumficha kitu. Akampa ukindu mbichi, akamwambia aweke mzigo, akae chini nje ya mlango, ajizungushie. Shwi, shwi, ukindu ukapita. Fisi akajizungusha. Shwi, shwi, akasukuma kwa kifua. Kapu likapanda magotini. Shwi, shwi, likapanda mabegani.

"Sisi hapa huacha mlango," akasema Mnana.

"Mlango wa nini?"

"Wa kutokea."

Fisi akacheka. Akasema kapu lenye tundu ni la wajinga, vitu vitamwagika njiani.

"Ni kweli," akasema Mnana taratibu. "Mlango huachwa na sisi tusio na mali."

Fisi aliposikia hivyo akasuka kwa haraka zaidi. Shwi, shwi, shwi. Akaziba huku. Akaziba kule. Nyigu na Kobe walikuwa wamekuja mlangoni, wakatazama. Fisi akavuta fundo la mwisho kutoka ndani, akalikaza kwa meno, kama alivyofundishwa.



"Mama Mnana," ikasema sauti. "Natokea wapi?"

"Uliuliza mlango ni wa nini, Bwana Fisi. Nikakujibu."

Akataka kutafuna ukindu, lakini kapu lilikuwa la kipimo chake hasa, hata taya halikupata nafasi ya kufunguka. Jua likawaka, ukindu ukakauka, kapu likazidi kumbana. Akajitupa huku, akajitupa kule. Na kilima ni kilima. Biringi, biringi, biringi, mpaka mtoni. Chubwi! Mto ukamchukua.

Nyigu akachukua chungu chake. Kobe akachukua ngoma yake. Wakamuuliza Mnana kama sasa atafunga mlango. Akasema siku haijaisha, huenda kuna mgeni bado yuko njiani. Kisha akaingia ndani ya kapu la mumewe, akaegemea pale kifua kilipokuwa, akangoja.

Hadithi yangu nimeifunga fundo. Iliyo tamu nendeni nayo. Iliyo chungu niachieni, nimeizoea.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mwenye bidii hufika mbali. Siku ile hakuna aliyefanya kazi kwa bidii kuliko Fisi, na kwa kweli alifika mbali sana.