Upanga wa Papa Mlangoni kwa Somoe

Ngano hii aliianza bibi yetu Mwanahija, mwaka wa mafuriko makubwa, nami naipitisha bila kutia chumvi. Tegeni masikio.

Somoe alikuwa na mtoto mmoja, Siwema, aliyeshikwa na homa. Mganga akamwambia, "Tundika upanga wa papa mlangoni, shetani hatavuka." Basi mumewe, Mfaume, akatega jarife, wavu wa papa, kwenye mdomo wa mto, penye mikoko na tope, Somoe akiwa kando yake.

Akanaswa papa upanga, kichwa bapa kama samaki taa, mdomo uko chini, pua ndefu yenye meno pande mbili, ndiyo upanga wenyewe, imezongwa na nyuzi.

"Mama Siwema," papa akasema, "nina watoto tumboni. Kwa pua hii napapasa chakula topeni. Niacheni."

"Hata mimi ni mama," Somoe akajibu. "Kata, baba Siwema!"

Mfaume akaikata pua, wakamrudisha papa majini akiwa hai, kama ilivyokuwa desturi.

Upanga ukatundikwa mlangoni, Siwema akaamka bila homa. Lakini alipolishwa ugali, uligeuka tope kinywani. Akalishwa samaki, samaki naye akageuka tope. Akanyweshwa uji, nao ukawa tope.

Somoe akaukimbiza upanga mtoni. Papa alikuwa amelala majini karibu na ukingo, amekonda.

"Chukua! Chukua! Nakuomba, chukua!"

"Ningeweza ningepokea, mwenzangu. Ukikatwa hauoti tena."

Somoe akakaa topeni ameukumbatia, asijue aende wapi.

Siwema alikufa siku ya saba, papa siku ya nane, Mfaume miaka mingi baadaye. Aliye hai mpaka leo ni Somoe peke yake, naye bado ameukumbatia upanga ule.