Pimbi Aliyekwama kwenye Ufa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, moto uzione nyuso zenu.

Hapo zamani za kale, mama pimbi aliishi majabalini na mwanawe, Tamimu. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia wala pembe. Ngome yake ni nyufa za mawe. Jirani yao alikuwa Bi Mashavu, mkulima wa miwa, aliyempenda sana Tamimu. Asubuhi alimletea maandazi, mchana muwa, jioni viazi vitamu vyenye asali.

"Kula mwanangu," mama husema, "kula unone, watu wajue una mama!"

Tamimu akala. Akanona. Mama akafurahi.

Wenzake walipokimbizana, yeye alikaa kitako akihema. Magoti yalimuuma. Usiku alikoroma, mara akashtuka amekosa pumzi.

"Mama, nimechoka."

"Njaa hiyo. Kula mwanangu, kula unone, watu wajue una mama!"

Siku moja tai akashuka. Pimbi wote wakajichomeka ndani ya ufa, vuu! Tamimu akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likakataa.

"Mama, nimekwama!"

Mama akatoka, akamlalia mgongoni, akapiga ukelele. Bi Mashavu akaja mbio na mwiko mkononi, akamtimua tai. Lakini ukucha ulikuwa umeshampasua mama sikio.

Walipomchomoa, Tamimu alikuwa analia.

"Nyamaza baba, nikupe muwa," mama akambembeleza.

"Sitaki muwa, mama. Nataka kucheza, na siwezi."

Mama akamkumbatia.

"Kosa si lake, shoga," Bi Mashavu akasema. "Mikono iliyomlisha ni yetu."

Tangu hapo maandazi yakawa ya sikukuu. Mama na mwana wakala majani mabichi na matunda ya porini, chakula kimoja. Jioni wakapanda jabali pamoja, polepole, wakapumzika, wakapanda tena. Tamimu hakupungua kwa siku moja, wala kwa mwezi. Lakini magoti yaliacha kuuma, usingizi ukawa mtamu, na wenzake wakaanza kumwita mchezoni.

Alasiri moja akarudi mbio, vumbi mpaka puani. "Mama, nina njaa!"

Mama akasimama. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa mwanawe, maana hakuwahi kumpa nafasi ya kulisema. Akacheka hata machozi yakamtoka, akampakulia.

Wakala, wakashiba, nami hadithi yangu nikaiacha hapo, mlangoni kwao.